Kabla ya Kuzika Tunda

Nilikubali tumzike mdogo wangu bila mwili wake. Ningerudishwa leo kwenye kile kigoda nilichokalia, ningesema hapana mpaka wazee wachoke waende makwao. Sikusema hapana. Nilisema, "Sawa, tumzike," na kwa kuwa baba alikuwa amekwisha kufa na mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, neno hilo lilitosha.

Sisi ni Wajaluo wa Tarime, wa upande ule ambao ukipanda kilima unaona mabati ya Kenya yaking'aa. Kwetu mtu akifa mahali ambapo mwili hauwezi kupatikana, kama amezama ziwani au amepotelea vitani, haachwi hivi hivi. Linachumwa tunda la yago, lile refu na zito kama mchi, linaloning'inia mtini kwa kikonyo kirefu kama kamba. Linafungwa shuka, linalazwa kaburini, na watu wanalia kama kawaida. Kuanzia hapo mtu huyo amezikwa. Hakuna mazishi ya nusu.

Mdogo wangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Siku tuliyolizika lile tunda alikuwa hai, upande wa pili wa mpaka, amevaa shati la rafiki yake.

Nimeandika sentensi hizo kwa haraka kwa sababu nimechelewa miaka mingi kuziandika. Tangu nilipoacha duka langu la Nyamisangura nikawaachia wanangu, nimekuwa nikitunga hadithi fupi. Nyingine zimesomwa kanisani kwenye mikutano ya akina mama, na mbili zilisomwa redioni. Ninajua kutunga harusi, ugomvi wa mipaka ya shamba, mchungaji mlevi. Hii moja ndiyo iliyonishinda, na haikunishinda katikati wala mwishoni. Ilinishinda mwanzoni. Sikujua niianzie wapi.

Hadithi zangu zote husomwa kwanza na jirani yangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mjane, Mkurya wa kutoka huku huku Tarime. Husoma akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwangu, kalamu nyekundu mkononi kana kwamba bado ana darasa. Nilimpelekea hadithi hii nikiwa nimebadilisha kila kitu. Sikumwambia ni ya nani.

Mara ya kwanza nilianza na duara la machimbo kuporomoka.

Huko ndiko watu wengi wangeanza. Ilikuwa ile miaka ya dhahabu, kabla ya mashine kubwa, wakati kijana mwenye nyundo na kamba alikuwa bosi wa nafsi yake. Walimu waliacha chaki. Wachunga ng'ombe waliwaachia wake zao fimbo. Duara alilochimba mdogo wangu, maana ndivyo tulivyoviita vile visima vya dhahabu, lilikuwa upande wa Serengeti, mbele kidogo ya Busawe, kwenye kilima ambacho hapo nyuma hakikuwa na kitu isipokuwa mawe na mbuzi. Nilieleza matimba, zile nguzo za miti zinazoshikilia kuta za shimo, yanavyolia kabla ya kuvunjika, vumbi linavyopanda kutoka shimoni kama moshi wa jiko, na wanaume waliokuwa juu wakiita majina ya waliokuwa chini.

"Inaanza vizuri," mwalimu alisema. "Inashtua."

Akasoma tena, polepole. Kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Lakini mzee, nani amekosa hapa?"

"Hakuna. Ni mwamba."

"Basi hii ni taarifa ya habari. Mwamba hauna majuto."

Nilichukua karatasi zangu. Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Nikiianza hadithi pale, kosa linakuwa la mlima, na mimi ninaingia baadaye kama mtu aliyeletewa msiba mlangoni.

Mara ya pili nilianza na mazishi ya tunda. Nilidhani jambo hilo ni geni kwa wasomaji wengi na litawashika. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

"Ninyi Wajaluo! Hata tunda mnalililia?"

"Na ninyi Wakurya mnalilia ng'ombe."

"Ng'ombe ana maziwa, mzee. Tunda la yago hata nyani halimshughulishi."

Tulicheka wote wawili. Nilicheka nikiwa nasikia vile udongo wa kwanza ulivyoanguka juu ya ile shuka. Ulilia tofauti. Mwili hupokea udongo kimya. Tunda lile lilijibu kwa mlio mzito, kama mlango uliobishwa mara moja. Mimi ndiye niliyetupa udongo wa kwanza.

"Sasa niambie," mwalimu alisema alipomaliza kucheka, "huyu kaka mtu, huyu aliyeruhusu mazishi. Umemwandika analia tu. Kwani alifikaje hapo? Aliamka akakuta kaburi limechimbwa?"

"Wazee waliamua."

"Umeandika hapa kwamba walimuuliza."

"Walimuuliza kwa heshima tu."

"Aha," akasema, na akaweka duara dogo jekundu kuzunguka neno lile, walimuuliza. Sikulala vizuri kwa sababu ya ile alama.

Sasa nieleze walivyoniuliza.

Kwenye machimbo mtu alishuka na nguo za kazi, zilizochakaa, na shati lake zuri alilitundika kwenye kijumba cha nyasi kando ya duara. Shati likiwa kwenye msumari, mwenyewe yuko chini. Ndiyo ilikuwa hesabu yao. Hakuna aliyeandika jina la mtu yeyote. Duara lilipoporomoka walitazama misumari. Shati la mdogo wangu lilikuwepo. Wachimbaji wenzake walilileta nyumbani limekunjwa, wakamkabidhi mama kwa mikono miwili.

Mama hakulipokea. Aliwauliza, "Nani alimwona akishuka?"

Walitazamana. Kulikuwa na giza la alfajiri, wakasema, watu hushuka kwa kupokezana.

"Hamkumwona."

Nikaingilia. "Mama, shati lake lilikuwa pale."

"Wewe ni kaka yake au mgeni?" akaniambia. "Tangu lini huyo mtoto akavaa shati lake mwenyewe akienda mahali?"

Wanawake waliokuwa wamekaa kwenye mikeka walicheka katikati ya kilio, maana ilikuwa kweli. Mdogo wangu tangu utoto alipenda nguo za watu. Alikwenda komunyo ya kwanza na kaptura ya jirani. Hata koti langu la harusi alilivaa kabla yangu. Kila mtu pale alijua. Na mimi, niliyesoma sekondari, niliyejua maana ya ushahidi, nilicheka pamoja nao kisha nikaliweka neno la mama pembeni, kana kwamba ni utani wa kupunguza machozi.

Mwenye duara alikuja mwenyewe. Alileta sukari na magunia ya unga kwa ajili ya waombolezaji, akakaa chini, akanishika mkono. Alikuwa mtu mpole.

"Kaka mkubwa," aliniambia, "vijana wangu hawashuki. Wanasema chini kuna watu ambao hawajazikwa, na watawavuta miguu. Nyumba nyingine zote zimeshafanya ya kwao. Imebaki yenu."

"Hatuna mwili."

"Nimeambiwa ninyi mna njia yenu."

Wazee wa ukoo walikuwepo. Mmoja akasema njia ipo lakini haina haraka, tunda husubiri hata mwaka. Mwingine akasema vijana wale nao wana watoto wanaokula. Kisha wakanigeukia wote. "Wewe mwenye boma, unasemaje?"

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa mwenye boma mbele ya watu. Nilikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ruhusa yangu ilikuwa inaisha, nimechoka kulala kwenye majani na wageni. Hayo ni kweli, lakini si sababu. Sababu ni kwamba walinitazama wakisubiri, na nilitaka kuonekana mtu anayeweza kuamua. Mama alikuwa amesimama nyuma yao kwenye mlango wa jiko. Alitikisa kichwa, mara moja tu. Nilimwona. Nikasema, "Sawa, tumzike."

Katika karatasi nilizompelekea mwalimu, sikuwahi kuandika kwamba nilimwona.

Mara ya tatu niliianza hadithi getini. Nilidhani hapo nimepata, maana hapo ndipo mtu yeyote akisikia anaacha kutafuna.

Mahindi yalikuwa yameanikwa uani. Ilikuwa mchana wa jua kali, kivuli kikiwa kimejikunja chini ya miguu. Nilikuwa nimekuja kwa siku chache kutengeneza uzio. Wake wa baba zangu wadogo walikuwa wakipukuchua, na mama alikuwa amekwenda mnadani. Mmoja wao akanyanyua kichwa, akaacha gunzi lianguke. Nikageuka. Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa boma, amekonda, amevaa shati la bluu lenye mifuko miwili ambalo sikuwahi kuliona.

Wanawake walikimbilia nyuma ya nyumba. Kuku nao wakakimbia.

"Wuod mama," akaniita. Mtoto wa mama yangu. Ndivyo tulivyoitana tangu tukiwa wadogo. "Mbona mnanitazama hivyo? Nimeota mkia?"

Kisha akaona kaburi. Lilikuwa upande wa kushoto, udongo wake bado mwekundu.

"Nani amekufa?" Uso wake ulibadilika. "Ni mama?"

"Mama yupo mnadani."

"Basi nani?"

"Wewe," nikamwambia.

Alicheka. Alicheka sana, akashika mti wa geti. Kisha akaona kwamba mimi sicheki, naye akaanza kunieleza harakaharaka, kama mtoto aliyekosea: kwamba alivuka mpaka na msichana kwenda kujitambulisha kwao, kwamba aliazima shati la rafiki yake kwa sababu lake lilikuwa la kawaida mno kwa ukwe, kwamba malaria ilimlaza huko. Habari ya duara aliisikia njiani akirudi. Hakujua kwamba naye alihesabiwa miongoni mwa waliokufa. Rafiki yule mwenye shati ndiye aliyekuwa chini, na kwao walikuwa bado wanamsubiri, maana msumari wake ulikutwa mtupu.

Akainua mguu kuingia.

"Subiri," nikasema. "Usiingie kwanza. Kaa hapo nje, niwaite wazee."

"Kwani ni mpakani Sirari hapa, mnakagua watu?"

Lakini alikaa, juu ya jiwe nje ya uzio. Aliomba maji. Niliyaleta kwenye kikombe, nikakiweka chini katikati yetu, nikarudi nyuma. Alikitazama kikombe muda mrefu.

"Hata kunipa mkononi?"

Wazee walikutana nyumba ya jirani. Hapakuwa na mmoja aliyewahi kuona mtu wa yago akirudi. Mmoja alisema achinjwe kondoo, uzio utobolewe kwa nyuma, aingizwe kwa tundu hilo kama mtoto anayezaliwa. Mwingine alisema hapana, kilichozikwa kimezikwa, akiingia atachukua mtoto wa mtu aende naye. Walibishana mpaka wakakumbuka kuniuliza. Nami nikasema tumsubiri jaduong' mmoja, mzee sana, aliyeishi mbali. Aitwe, yeye atajua.

Niliporudi getini jiwe lilikuwa tupu. Kikombe kilikuwa palepale, kimejaa.

Mama alifika na mzigo kichwani. Alipoambiwa alitua mzigo, akatoka akiwa mikono mitupu, akafuata njia ya mpakani peke yake huku akimwita mdogo wangu kwa jina lake la utotoni. Tulimsikia mpaka sauti ikapotea. Alirudi kesho yake, miguu imevimba.

Mwalimu aliposoma mwanzo huo hakucheka. Alishusha sauti. "Huyu aliyesimama getini ni mzimu?"

"Hapana. Ni mtu."

"Mbona umemwandika kama mzimu? Jua la utosini, kuku wanakimbia, watu hawamgusi. Msomaji ataogopa, mzee. Atamhurumia yule aliye ndani ya uzio."

Nilitazama karatasi zangu, nikaona nilichofanya. Nikianzia getini, mimi ni mtu aliyefungwa na mila, mikono yangu iko nyuma, na mdogo wangu ndiye tatizo lililokuja na miguu yake. Nilimfukuza mara ya pili, kwa kalamu.

Labda pale getini ningeweza bado kumshika mkono. Mke wangu ameniambia hivyo mara nyingi. Lakini najua nilivyokuwa ule mchana. Nilikuwa nimekwisha tupa udongo. Nilikuwa namwogopa kwa moyo wangu wote, mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Woga ule niliuzika pamoja na tunda, na ndio uliofufuka.

Tangu siku hiyo kila mwanzo niliojaribu ulikuwa na kasoro hiyohiyo. Nilirudi nyuma mpaka utoto wetu, tukichunga. Nilirudi mpaka kaptura ya komunyo. Nilianza hata na baba, kabla hatujazaliwa. Haikusaidia. Ninapoandika sentensi ya kwanza huwa namkuta ameshafika, amekaa kwenye lile jiwe, anasubiri nimalize kutafuta maneno. Wakati mwingine nikiwa mezani nasikia mtu akikohoa nje, na mke wangu anasema ni bodaboda wa mtaani. Huenda. Siendi kutazama. Nikienda nisimkute itakuwa vibaya, na nikimkuta sijui.

Mwisho nilimwambia mwalimu ukweli, kwamba kaka mtu ni mimi. Alifunika kalamu yake.

"Ningejua nisingekucheka lile tunda," akasema.

"Lilistahili kuchekwa."

"Basi anzia alipoulizwa. Hapo kwenye duara langu jekundu."

"Nikianzia hapo lazima aseme sawa."

"Nani amekwambia lazima? Si wewe unayetunga?"

Sikuwahi kuliwaza hilo. Katika miaka yote nilikuwa nimebadilisha majina, kijiji, rangi ya shati, hata idadi ya watoto wa mama, lakini jibu sikuligusa.

Niliandika siku iliyofuata, asubuhi, kwa mara moja bila kufuta. Mwenye duara anamshika kaka mtu mkono. Wazee wanamgeukia. Kaka mtu anamtazama mama yake mlangoni mwa jiko, anaona kichwa kikitikiswa, naye anasema, "Hapana. Mama anasema hakuna aliyemwona akishuka. Tutasubiri." Mwenye duara anaondoka na uso mbaya. Wazee wananung'unika kwamba vijana waliosoma hawana adabu. Unga unaliwa. Wageni wanarudi makwao. Kaka mtu anachelewa kazini na kukemewa.

Halafu mchana mmoja, mahindi yakiwa yameanikwa, mdogo mtu anaingia getini. Hakuna anayekimbia isipokuwa mama, anayekimbia mbele. Anampiga kofi, anamshika, anampiga tena.

"Shati la nani hilo?"

"La rafiki yangu, mama."

"Mrudishie!"

Hapo anaambiwa kuhusu rafiki yake, anakaa chini uani na kulia, na kaka mtu anakaa karibu naye. Wanapelekewa maji. Baadaye wanakula ugali na dagaa.

Hadithi iliishia hapo, kurasa mbili. Nilijaribu kuiendeleza, haikwenda. Hakukuwa na kitu cha kuisukuma.

Mwalimu aliisoma, akageuza ukurasa wa pili kutazama kama kuna kitu nyuma.

"Hii haitasomwa redioni," akasema kwa upole. "Hakuna kilichotokea."

"Ndiyo," nikamwambia. "Hakuna kilichotokea."

Niliiweka. Sitaipeleka popote, na sitaongeza hadithi nyingine juu ya jambo hili. Badala yake nimeandika haya, yasiyo ya kutunga, nikianzia kwenye neno langu.

Yaliyobaki ni machache. Yule mzee wa mbali aliitwa, akasema kondoo angetosha tangu mwanzo. Tulituma mtu akavuka mpaka na ujumbe kwamba mdogo wangu arudi, uzio utatobolewa, atapokelewa. Alirudisha jibu: "Mwambieni kaka yangu wafu hawatumiwi salamu." Alioa yule msichana. Alikaa kwa wakwe zake, jambo ambalo mwanamume wa kwetu halifanyi akiwa na kwao. Aliwaambia hana nyumbani. Alipata watoto ambao sijui sura zao. Mama alivuka kwenda kumwona kila alipoweza kutembea, na alipokuwa huku alinisalimia vizuri, akanikaribisha chakula, akaniuliza habari za kazi, kama anavyoulizwa mgeni. Hakuniita tena mwanangu mpaka alipokufa.

Mdogo wangu alikufa mwaka wa pili baada ya mama. Nilisikia kutoka kwa mfanyabiashara wa vitunguu, sokoni, wiki kadhaa baada ya maziko. Wakwe zake walimzika huko. Nilikwenda, mjane wake alinipokea nje, akaniambia mumewe aliacha neno kwamba nisioneshwe kaburi, nami sikubishana naye.

Nilikuwa na ndugu mmoja tu wa tumbo moja. Kwa kusema sawa nilimkosa akiwa hai, miaka yote aliyoishi, nikamkosa mama aliyekuwa amesimama mbele yangu, na sijui mahali mdogo wangu alipolala.